Wodi ya Sahani Nyeupe

Hospitalini walimwita Upawa, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono minene na sauti ya kuwaamsha hata waliolazwa usingizi kwa dawa. Kazi yake ilikuwa kusukuma toroli la chakula katika wodi ya wanaume, kupakua, kisha kurudi kukusanya vyombo. Ukiitazama kazi hiyo kwa mbali utadhani ni ya huruma. Upawa hakuwa na nafasi ya huruma. Alisema huruma ndiyo inayochelewesha vyombo kufika kwenye karai.

"Haya, wazee wa kulala! Chakula kimekuja, amkeni, au mnataka niwaimbie kwanza?"

Wanaoshindilia chakula haraka aliwaita wanaume kamili. Wanaodonoadonoa aliwaita mabibi harusi. "Na huyu bibi harusi wetu wa dirishani leo ana haya gani? Mkwe yupo wodini?" Wodi nzima ilicheka, na bibi harusi mwenyewe, mzee wa watu mwenye ndevu nyeupe na bomba puani, alijaribu kumeza haraka, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Ni haki kusema kwamba chakula cha hospitali ile zamani kilikuwa ugonjwa wa pili. Uji ulikuwa mwepesi hata mtu akaweza kujitazama humo na kuchana nywele, wali uligandamana kama tofali, na maharage yalikuwa na vijiwe. Kisha akaja afisa lishe mpya, kijana wa miwani na viatu visafi, ambaye kwa bahati mbaya aliipenda kazi yake. Akagombana na watu wa stoo mpaka mayai yakaonekana. Akaleta maziwa, matunda, na chakula laini cha kusagwa kwa wasioweza kutafuna. Akanunua sahani zenye vifuniko, na kila sahani ikaandikwa namba ya kitanda kwa rangi isiyotoka. Akapiga marufuku chakula cha kutoka nyumbani, kwa kuwa kilikuwa kikiwaharisha watu, na walinzi wa getini wakapewa amri ya kupekua vikapu.

"Chakula ni dawa," aliwaambia wapishi.

"Basi hii dawa inaungua, bwana, kuni ni mbichi," mpishi mkuu akamjibu, na jiko zima likaangua kicheko. Kijana naye akacheka. Haukupita muda akawaletea majiko ya gesi.

Hakuweza, hata hivyo, kukaa kando ya kila kitanda kuona nani anakula. Akatafuta njia rahisi. Kila mchana alisimama kwenye chumba cha kuoshea vyombo, mikono nyuma, akitazama sahani zinavyorudi. Wodi ambayo sahani zake zilirudi nyeupe, hazina hata punje, ilisifiwa mbele ya wote. Na ilijulikana, ingawa hakuna aliyetangaza, kwamba msimamizi mpya wa wapakuaji angetoka kwenye wodi ya sahani nyeupe. Nia yake ilikuwa njema, hilo hatulikatai. Ila sahani haina mdomo wa kusema ni nani aliyeimaliza.

Upawa aliligundua hilo kabla ya mtu yeyote. Alipopita kukusanya vyombo, aliyekuwa bado anahangaika na kijiko alinyanyuliwa sahani yake, ikageuzwa juu ya sahani ya kijana aliyevunjika mguu, ambaye tumbo lake halikuvunjika chochote. Njia hiyo aliiita kuhamisha. "Ngoja ngoja huumiza matumbo," alimwambia mwenye sahani, akaenda zake. Vijana wa miguu iliyofungwa plasta walimpenda kama mama yao. Na hakuwa mwizi. Hakuwahi kubeba nyumbani hata ganda la yai. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba chakula kutupwa ni dhambi, na kwamba mtu ambaye hajamaliza kula toroli linaporudi, basi huyo ameshiba au anadeka.

Wazee wa polepole wakazidi kukonda. Madaktari walipouliza kama wanakula, waliambiwa wodi ile sahani zake hurudi nyeupe kuliko zote. Wakaandika vitamini. Wakatafuta minyoo. Mzee wa dirishani aliondoka siku moja asubuhi, shuka likiwa limemfunika mpaka kichwani, na watu wakasema umri ulikuwa umekwenda. Upawa alimwombea, akahamisha uji wake.

Wapakuaji wenzake wakaja kujifunza. Aliyejifunza vizuri kuliko wote alikuwa binti wa wodi ya wanawake waliyemwita Kimya, kwa kuwa hakusema mpaka aulizwe, na akiulizwa alijibu kifupi.

"Usimtazame mgonjwa usoni," Upawa alimfundisha. "Ukimtazama usoni utakaa hapo mpaka jua lizame. Wewe tazama sahani."

"Sawa, mama," akasema Kimya, na akawa hivyo. Wodi ya wanawake nayo ikaanza kusifiwa. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Hapo ndipo dada yake Upawa alipolazwa.

Huyu alikuwa dada kwa jina tu, kwa kweli alikuwa mama. Wazazi walipofariki, yeye ndiye aliyembeba Upawa mgongoni, akafua nguo za watu ili mdogo wake asome, akakataa posa mpaka mdogo wake aolewe kwanza. Mdogo alipoolewa, wachumba walikuwa wamekwisha. Hakuwahi kulilalamikia hilo. Sasa shingo ilikuwa imemvimba kwa mbele, uvimbe mgumu unaobana njia ya chakula, na kila tonge lilimchukua muda kulisindikiza chini.

Daktari wa upasuaji hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimbonyeza dada shingoni, akamtazama mbavu, akamvuta Upawa pembeni.

"Huu uvimbe unatoka. Tatizo si uvimbe, ni yeye. Hivi alivyokonda, kisu kitamuua. Mlisheni apate mwili, nitamfanyia. Asipopata, uvimbe utaziba njia yote, hata maji hayatapita."

Upawa nusura amkumbatie. Katika dawa zote za duniani, dada yake alikuwa ameandikiwa chakula! Alirudi kitandani akimcheka.

"Dada, umefika kwako. Hapa utanenepa mpaka mlango ukukatae."

Utaratibu haukumruhusu kupakua kwenye wodi aliyolazwa ndugu yake. Wala hakuweza kumletea kitu kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mpakuaji akikutwa na chakula mkononi nje ya toroli, hata kama amekipika kwake, aliitwa mwizi wa jikoni na kesho yake hakuwa na kazi. Lakini kulikuwa na haja gani? Kila mchana alipopeleka vyombo vyake kuoshwa, alizitafuta sahani za wodi ya wanawake, akaigeuza yenye namba ya kitanda cha dada. Nyeupe. Siku ya pili, nyeupe. Akawa anaiosha mwenyewe kwa furaha.

Jioni, baada ya kazi, alikwenda kukaa naye.

"Sishibi, mdogo wangu," dada akamwambia.

"Hakuna mgonjwa anayeshiba. Wote huniambia hivyohivyo."

"Nina njaa kweli."

"Njaa gani, na sahani nimeiona kwa macho yangu haya? Imerudi kama imelambwa na paka. Dada, usianze kudeka uzeeni."

Dada akamtazama usoni. Alikuwa mtu wa kutazama, na mezani kwake kila mara palikuwa na kijiko kisafi kilichopanguswa vizuri. Kwenye kitanda cha pili, kando yake, alilala bibi mmoja aliyeungua mikono yote miwili, imefungwa bendeji mpaka kwenye viwiko. Hakuna mtu aliyekuja kumwona. Upawa hakumsalimia zaidi ya kumwitikia, maana bibi mwenyewe ndiye alikuwa akimwahi kwa salamu.

Siku ya mizani ikafika. Dada alipandishwa, na mshale ukasimama chini ya ulipokuwa siku aliyolazwa.

"Anakula kweli huyu?" daktari akauliza.

"Anakula, daktari. Naapa. Sahani nimeziona mwenyewe, zote nyeupe."

"Basi uvimbe ndio unaomla," akasema daktari, na akaanza kuzungumzia mambo mengine, ya uvimbe mbaya na mionzi ya mji mwingine. Daktari alipoondoka, hofu ya Upawa ikageuka hasira, kama kawaida yake.

"Unakipeleka wapi chakula? Hebu niambie! Unakitupa dirishani?"

"Nameza vijiko vichache," dada akasema taratibu. "Koo halitaki haraka. Kisha yule binti anarudi, ananyanyua sahani, anammiminia yule pale mwenye mguu wa plasta. Kila siku. Nilikwambia sishibi, ukaniambia nadeka."

Hakuna haja ya kueleza Upawa alivyojisikia. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Aliijua ile namna ya kunyanyua, aliujua mgeuzo wa mkono, alijua hata maneno ambayo Kimya angemwambia dada yake akiondoka. Akainuka, akaenda mbiombio chumba cha kuoshea vyombo.

"Wewe! Umekuwa ukimhamishia dada yangu?"

Kimya alikuwa na mikono ndani ya povu. "Nahamisha wote wa polepole, mama. Si ulinifundisha?"

"Ni dada yangu yule!"

"Sikujua, mama. Siwatazami."

Upawa alitaka kumzaba kofi, na angemzaba, lakini mlangoni akaingia afisa lishe, uso unang'aa. Wakubwa wa wizara walikuwa wanakuja kutazama huduma ya chakula, hospitali yao imekuwa mfano. Wangeonyeshwa wodi ya wanaume. Na siku hiyohiyo angetangazwa msimamizi wa wapakuaji, na aliposema hivyo alimtazama Upawa, akatabasamu.

Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwa Upawa. Sahani zinadanganya, bwana, wagonjwa wako wanakufa njaa. Hayakuwa marefu. Kijana yule angeyasikia, na pengine angeyafanyia kazi siku hiyohiyo, maana alikuwa mtu wa namna hiyo.

"Ulitaka kusema kitu, mama?"

"Hapana, bwana," akasema Upawa. "Nilikuwa namwambia huyu binti maharage ya leo yameiva vizuri."

Kijana alipokwisha kutoka, akamshika Kimya mkono.

"Sahani ya dada yangu usiiguse. Mwachie mpaka jioni. Uifuate peke yake, uioshe wewe mwenyewe, asijue mtu."

"Na ya yule bibi wa bendeji? Yeye hana hata mikono. Wauguzi wenyewe hawana nafasi ya kumlisha. Niiache nayo?"

"Ni ndugu yako yule?"

"Hapana."

"Basi, unauliza nini? Zikibaki mbili wataona."

Kuanzia hapo sahani ya dada ilikaa kitandani kwake mpaka jioni, na iliporudi ilirudi nyeupe. Safari hii Upawa aliamini, maana alikuwa amehakikisha. Akawa anaingia wodini na mizaha yake yote, akimbonyeza dada shavu, akimwuliza kama ameanza kuona mnofu. Dada alitabasamu, akasema chakula ni kizuri, hasa viazi vya kupondwa.

Wageni wakaja, wakafunua vifuniko, wakaonja, wakapiga picha na wagonjwa wenye mashavu. Upawa akatangazwa msimamizi. Akavishwa koti jipya jeupe na kofia yenye mstari wa buluu, wenzake wakampigia vigelegele, na Upawa, ambaye hakuwahi kulia mbele ya watu, akalia. Jioni alikwenda kumwonyesha dada lile koti.

Alimkuta daktari kitandani. Dada alikuwa amepimwa tena. Hakuongezeka hata chembe, na sasa maji yalikuwa yakimpalia.

"Nimechelewa kumpata," daktari akasema. "Simkati mtu wa hivi." Akaenda zake.

Bibi wa bendeji hakuwepo, alikuwa amepelekwa kubadilishiwa bendeji. Upawa alisimama na koti lake jipya, akafoka.

"Nimekuachia sahani nzima! Nzima, dada! Nimeiweka kazi yangu rehani kwa ajili ya sahani ile!"

"Tulikuwa wawili," dada akasema.

Mwanzoni Upawa hakuelewa. Kisha akakitazama kitanda cha pili, na kijiko.

"Ulikuwa unamlisha yule?"

"Kijiko changu, kijiko chake. Yeye alikuwa anameza haraka kuliko mimi, masikini."

"Si ndugu yetu yule! Hata jina lake hulijui!"

"Amelala hapa, mdogo wangu. Siwezi kumfikia? Mimi nile nimemgeuzia mgongo, naye ananusa?" Akapumzika, maana maneno nayo yalikuwa yanampa kazi. "Wewe ungemwambia tu yule binti aache sahani mbili."

Dada hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayekuelekeza chumvi ilipo. Upawa alikuwa msimamizi sasa. Angeweza kutoka hapo, akapita wodi zote, akasema kuanzia leo hakuna kuhamisha, mgonjwa aachwe ale mpaka achoke. Angeweza kwenda kwa afisa lishe. Lakini angeulizwa amelijua lini jambo hilo, na nani alilianzisha, na yule mzee wa dirishani alikula lini mara ya mwisho. Koti lilikuwa bado lina mikunjo ya dukani.

"Kesho," akamwambia dada. "Kesho nitasema, Mungu shahidi."

Kesho yake hakusema. Kesho kutwa dada alishindwa kumeza mate, akawekewa dripu kwenye mshipa uliojificha mpaka muuguzi akachoka kuutafuta. Upawa aliomba ruhusa, akakaa naye mchana na jioni. Alijaribu kumtia uji wa maziwa kwa ncha ya kijiko, tone moja moja, kwa subira ambayo hakuwahi kumpa mgonjwa yeyote maishani. Uji ulitoka pembeni mwa mdomo na kumwagikia mto. Dada alikufa hivyo, amekonda mpaka pete ya mama yao ilikuwa imefungiwa uzi isimtoke kidoleni.

Mazishini hospitali ilileta watu wengi. Afisa lishe alisimama kwa heshima, viatu vyake visafi vimejaa udongo, akasema marehemu hakukosa chakula hata siku moja mpaka ugonjwa ulipomshinda, na kwamba hilo liwe faraja kwa familia. Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Upawa naye akatikisa.

Alirudi kazini matanga yalipokwisha. Kuhamisha kuliendelea. Hakukuamuru, wala hakukukataza, alisimama tu na koti lake akiyahesabu matoroli yakitoka.

Mchana mmoja, kwenye korido ya wodi ya wanawake, bibi mmoja alimsimamisha. Alikuwa ameshika kifurushi cha nguo, anaruhusiwa kwenda nyumbani. Mikono yake, ambayo siku hizi ilishika kijiko yenyewe, ilikuwa na ngozi mpya, nyororo, ya waridi, na mashavu yamemjaa. Kimya alikuwa nyuma yao na toroli, hana pa kupita.

"Wewe ndiye mdogo wake marehemu," bibi akasema. "Nimekuwa nikikuvizia nikushukuru, mwanangu."

"Mimi? Kwa lipi, bibi?"

"Usijifiche. Dada yako aliniambia yote. Kila akinitia kijiko mdomoni alikuwa akisema, kula, bibi, usione haya, chakula hiki ameagiza mdogo wangu. Amesema tule sote wawili." Bibi akafuta macho kwa mgongo wa ule mkono mpya. "Mimi sina mtu. Bila wewe ningekuwa udongoni. Nikamwambia, nikipona nitambusu mikono huyo mdogo wako."

Upawa alimtazama Kimya. Kimya aliyajua yote, kila neno, akatazama sahani. Muuguzi aliyekuwa akipita akasimama kusikiliza, akasema, "Mama, kumbe una moyo hivi!"

Bibi alikuwa amekwisha kuishika mikono yake minene, akaubusu mmoja, akaubusu wa pili, na akaanza kuomba: Mungu akulipe, akupe umri, akupe watoto wakutunze, usikose chakula wewe na kizazi chako.

"Amina, bibi," akasema Upawa.

Bibi akaendelea kuomba, dua moja baada ya nyingine, na Upawa akasimama pale koridoni akazipokea zote.